Umeinua pikapu? Ulizia kasta kabla hujatoka kwenye alaimenti

Nilipoinua pikapu yangu inchi 2.5 mbele kwa springi mpya, siku za kwanza sikutaka hata kushuka. Wiki ya pili nikaanza kuiogopa barabara kuu. Kwenye lami nzuri, kilomita 90 kwa saa, ilikuwa inatangatanga. Sisemi ilivuta upande mmoja. Ilitangatanga: unaisahihisha kidogo kushoto, inapitiliza, unairudisha kulia, inapitiliza tena. Nikikata kona usukani haukurudi wenyewe, nilikuwa naurudisha kwa mikono. Nikiona lori linakuja mbele yangu nilikuwa nabana usukani mapema, maana nilijua upepo wake utanihamisha.

Na alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, nilikuwa nimeshafanya. Hilo ndilo lililoniuma. Karatasi ya mashine nilikuwa nayo, ina vipimo vitatu nitakavyovieleza hapa chini: tou ya kijani (iko sawa), kemba ya kijani, kasta nyekundu (haiko sawa) pande zote mbili. Kushoto digrii 0.8, kulia digrii 1.5, wakati kiwandani gari langu lilipangiwa karibu digrii 3. Fundi aliniambia, "Bosi, gari likishainuliwa kasta haikai, hiyo iache tu." Nikaiacha. Niliendesha hivyo miezi minne, kila safari ndefu nikishuka mabega yanauma.

Kwa hiyo wewe ambaye springi zako ndiyo kwanza zimefungwa, nisikilize kabla hujaenda kwenye alaimenti. Hivi vipimo vitatu vijue mwenyewe, usimwachie fundi.

Tou ni jinsi magurudumu mawili yanavyotazamana ukiyaangalia kutoka juu, kama mtu anayetembea vidole ndani au vidole nje. Hii ndiyo inayokula matairi haraka kuliko nyingine zote. Piga hesabu: tairi lenye kipenyo cha milimita 750, tou ikiwa imekosewa milimita 3, maana yake katika kila kilomita 1 magurudumu hayo mawili yanataka kuachana mita 4. Hayawezi kuachana, yamefungwa kwenye gari moja, kwa hiyo yanajisugua kwenye lami. Huhitaji mashine kuligundua hilo. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, tou imekosewa.

Kemba ni matege. Ukisimama mbele ya gari, tairi limelalia ndani au nje kwa juu. Likizidi, tairi linaisha bega moja na jingine linabaki zima.

Kasta ndiyo haionekani kwa macho, na ndiyo maana watu wanairuka. Liangalie gari kwa ubavu, kisha vuta mstari kutoka boljointi ya juu hadi ya chini, vile viungo viwili ambavyo gurudumu linazungukia ukikata usukani. Mstari huo kwa juu unatakiwa ulalie nyuma. Tazama uma wa baiskeli ulivyolala: ndiyo sababu mojawapo unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kwenda mbele. Gari nalo ni hivyo. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona na kulishikilia gari kwenye mstari wake. Ukiinua gari ambalo kila gurudumu la mbele linajitegemea, yaani lenye mikono ya juu na ya chini kila upande, vile vyuma vinavyolishika gurudumu kwenye chesi, mikono inaning'inia kwa pembe ambayo kiwanda hakikuipanga iwe ya kawaida, na kwenye pikapu nyingi kasta inapungua. Ukichanganya na matairi makubwa na mazito kuliko ya mwanzo, unapata gari linalotangatanga kama langu.

Sasa kwa nini yule fundi wa kwanza alisema haikai? Hakunidanganya kabisa. Kwenye gari kama langu mkono wa chini umefungwa na bolti mbili zenye kichwa cha mviringo kisicho katikati, moja mbele na moja nyuma. Ukizizungusha, mkono unasogea. Bolti hizo hizo ndizo zinazorekebisha kemba na kasta kwa pamoja, na nafasi yake ina mwisho. Ukiinua gari, sehemu kubwa ya nafasi hiyo inaishia kuondoa matege, na kasta inabaki na makombo. Dawa yake ni mikono ya juu iliyotengenezwa kwa magari yaliyoinuliwa, ambayo boljointi yake imesogezwa nyuma tangu inaundwa. Kasta inakuja na mkono wenyewe, kisha bolti za chini zinabaki na kazi ndogo ya kumalizia. Kwa kuinua inchi 1 hivi huenda usiihitaji. Ukifika 2 na kuendelea, mimi ningeiweka kwenye bajeti siku ileile unayonunua springi. Mimi nilichelewa kuielewa, nikaja kuifunga baadaye na kulipia kazi moja mara mbili.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja mtulivu. Nilipofika hakuigusa mashine. Alichukua futi ya chuma akapima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto kisha kulia. Tofauti milimita 12. Akaniuliza, "Kijana wangu, springi za pande zote mbili ni aina moja?" Nikamwambia ni moja, mzee. Akapima upepo wa matairi manne, mawili ya mbele yalikuwa hayalingani. Akayasawazisha kabla ya kuendelea. Kisha akainua gari na kulitikisa kila gurudumu kwa kushika juu na chini, halafu kushoto na kulia. Tairodi endi ya kulia, ile ncha ya fimbo inayoligeuza gurudumu ukikata usukani, ilikuwa na mchezo. Akanionyesha kwa kidole: ukitikisa, unaliona gurudumu likitangulia kabla fimbo haijafuata. Alaimenti ya kwanza ilikuwa imefanywa juu ya tairodi endi iliyokufa. Hapo karatasi ile ya kijani niliikunja nikaiweka mfukoni.

Baada ya hapo tukafika kwenye bolti. Ya nyuma kushoto haikuzunguka. Nati ilifunguka, lakini bolti yenyewe ilikuwa imeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye kiungo cha mkono, kutu imevifanya kitu kimoja. Alipuliza mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akagonga, akapasha moto kidogo, akagonga tena. Ukiizungusha inajipinda na mpira wa bushi, ukiiachia inarudi ilipokuwa. Hiyo ndiyo ishara, ikariri: bolti inayorudi yenyewe haijarekebishwa, hata kama mashine ilisoma vizuri kwa dakika mbili. Mwishowe aliikata pande zote mbili, akatoa mkono, akagonga bushi mpya na kuweka bolti mpya. Zile nyingine tatu akazitoa zote, akazisugua na kuzipaka grisi kabla ya kuzirudisha. Kazi hiyo ilikula nusu siku. Kama gari lako ni la miaka mingi au linapita kwenye maji na matope, piga mafuta ya kulegeza kwenye bolti hizo siku kadhaa kabla, na umwambie fundi atenge muda.

Jambo jingine alilolisisitiza: bushi za mikono hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wote. Ukizikaza gari likining'inia kwenye jeki, mpira unakazwa ukiwa kwenye pembe isiyo yake, na gari likishuka mpira unabaki umejikunja. Utachanika mapema.

Ndipo tukaenda kwenye mashine. Utaratibu ni huu, na fundi akigeuza muulize kwa heshima: kasta na kemba kwanza, tou mwisho. Ukisogeza mkono wa chini, tou inabadilika papo hapo, kwa hiyo kuanza na tou ni kuifanya mara mbili. Usukani ufungwe katikati kabla ya kugusa tairodi, la sivyo utatoka na gari linalokwenda sawa huku usukani umepinda. Tulimaliza na kasta digrii 3.4 kushoto na 3.6 kulia. Tofauti ya pande mbili ikiwa chini ya nusu digrii gari litakwenda sawa. Ikizidi, mara nyingi gari hulalia upande wenye kasta ndogo.

Utaona nimepita kidogo kipimo cha kiwandani. Rangi ya kijani kwenye mashine imewekwa kwa gari la urefu wa mwanzo na matairi ya mwanzo. Kwa gari lililoinuliwa lenye matairi makubwa, kasta ya juu kidogo inasaidia. Usikubali kuelezwa kwa rangi. Omba namba, za kabla na za baada.

Wenye ekseli moja iliyonyooka mbele, mambo yenu ni tofauti kidogo. Tou kwa kawaida haibadiliki kwa kuinua tu, kwa sababu tairodi imeunganisha magurudumu yote mawili kwenye ekseli ileile. Kinachohama ni usukani, ambao hurudishwa katikati kwa ile fimbo inayotoka kwenye sanduku la usukani. Pia ekseli yenyewe husogea upande kwa sababu ya fimbo ya panhadi, ile inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia. Kama ekseli yenu imeshikwa na mikono mirefu inayorudi nyuma kwenye chesi, kuinua kunaizungusha na kasta inashuka. Zipo bushi zenye tundu lisilo katikati za kuirudisha. Za springi za majani huwekewa vipande vya kabari. Na kama mbele inatetemeka vibaya ukigonga shimo, usitafute dawa kwenye mashine kabla ya kukagua bushi za panhadi, boljointi na balansi ya matairi.

Kabla hujatoka gereji, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, mbele na kinyumenyume. Kasta ikirekebishwa gurudumu linasogea milimita kadhaa mbele au nyuma, na tairi kubwa linaweza kuanza kugusa plastiki ambazo jana lilizikwepa. Na kama gari lako lina mfumo wa kuzuia kuteleza, fundi aweke upya sifuri ya sensa ya usukani, la sivyo taa itakuwakia dashibodini.

Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya kutembea. Nilirudi kwa mzee baada ya kilomita 1,000 na futi yangu mwenyewe. Kulia ilikuwa imeshuka milimita 5, tou imehama kidogo. Alilaza mgongo chini, akashika spana, na bolti mpya ya pale palipotusumbua nusu siku ikazunguka kwa mkono mmoja.