Hizo hisa zangu mnazozisikia Lindi

Mpwa wangu, salamu nimezipata, na maneno ya dada nimeyapata pia: eti mjomba wako ana hisa kwenye kampuni ya Wajerumani, kazini tunakula bure, na kwa kuwa umemaliza masomo ya kompyuta yeye yuko tayari kuuza shamba la mikorosho la Mtama unifuate Berlin. Shamba lisiuzwe. Hilo kwanza.

Nilichonacho ni karatasi inayosema kampuni ikiuzwa, au ikiingia soko la hisa, nami nitapata fungu langu. Fungu lenyewe linaiva kidogo kidogo kwa miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hupati kitu. Siwezi kuliuza wala kulikopea. Unawakumbuka waliokimbilia viwanja waliposikia mradi wa gesi unakuja Likong'o? Hati wanazo, mnunuzi wanamngoja. Nami nangoja hivyo hivyo, ila mimi nalipia kwa usiku wangu.

Kampuni bado changa; wenye mtaji wamemwaga fedha, na kila mwezi wanataka kuona wateja wameongezeka. Basi wanaajiriwa watu wapya, na wa kuwafundisha ni sisi tuliotangulia. Mchana nafundisha, usiku nafanya kazi yangu. Mfumo ukianguka saa 9 usiku, simu inayolia ni yangu. Hicho chakula cha bure kipo kweli, lakini kinaletwa saa 2 usiku, ili watu wasiondoke.

Sheria ya hapa ni nzuri: kazi saa 8 kwa siku, mwisho 10, na ukitoka kazini upumzike kwa muda wa saa 11 kabla ya kurudi. Ofisi nzima inaijua. Lakini mwenyeji akigomba akaachishwa, yuko kwao. Kibali changu mimi kimeshikwa na mkataba. Kazi ikiisha napewa miezi michache nipate nyingine, au nifunge mizigo. Kwa hiyo nanyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma kuliko baridi.

Mnasema mjomba kawa mkubwa, hata arobaini ya bibi hakuja. Niliomba ruhusa. Nikaambiwa tungoje toleo jipya la programu litoke. Likatoka, likafuata jingine. Bibi aliyenilea! Nikatuma hela ya mchele na ng'ombe, watu wakala, wakasema mtoto anajiweza. Mimi sikutaka kutuma hela siku ile.

Na huyo mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mnayeniuliza kila mara, aliyechimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913, yumo kwenye jumba la makumbusho la mji huu huu. Sijamwona. Jumba linafungwa saa 12 jioni, na Jumamosi nikiwa si wa zamu nalala mchana kutwa.

Usije, mwanangu. Kaa Dodoma au Dar, ufanye kazi miaka kadhaa, uoe. Lakini usikae mno, ukishakuwa na watoto kutoka kutakuwa kugumu. Na sikufichi, hapa utajifunza kazi. Nimekaa na watu wanaojua, wakisoma nilichoandika wananiheshimu, hawaulizi mimi mtoto wa nani. Hilo nisingelipata kirahisi nyumbani.

Ukija, tafuta kampuni kongwe, ya wazee wanaofunga kazi saa 11 jioni. Kwenye usaili uliza nani anashika simu ya usiku, na analipwaje. Usikubali kupunguziwa mshahara kwa ahadi ya hisa hata wakikuchekea vipi. Ule mshahara wa kwenye mkataba usiupigie hesabu wote: kwa kapera, kodi, bima ya afya na pensheni vinaondoka na theluthi nzima, mara nyingi na zaidi. Kijerumani anza leo, barua zote za serikali ni za Kijerumani.

Ukiletewa mkataba usitie saini kabla sijausoma. Nauli mwombe mwajiri, wapo wanaolipa.