Njia ya hewa baridi kwenye lori la dizeli: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wenye malori na pikapu za dizeli zenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kushindilia hewa kwenye injini), wanaotaka kuling'oa boksi la filta la kiwandani na kujitengenezea njia ya hewa kwa mikono yao.

Nikitengeneza, nguvu itaongezeka kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotarajia. Hewa ikipoa kwa nyuzi 3 za sentigredi, uzito wake huongezeka kwa takribani asilimia 1. Kwa hiyo gari linalovuta hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti, likipewa ya nje yenye nyuzi 30, linapata karibu asilimia 10 mdomoni mwa turbo. Lakini mbele, baada ya turbo, kuna intakula, yaani rejeta ya kupozea hewa, nayo ingeipoza ile hewa ya moto vilevile, kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti hiyo haifiki kwenye silinda. Tena nguvu ya dizeli iko kwenye mafuta. Ukiongeza hewa bila kugusa mafuta, utaona moshi mweusi umepungua, joto la eksozi limeshuka na turbo inapata afueni. Hayo si haba, ila si nguvu mpya.

Kabla hujashika msumeno, fuata mpira wa boksi la kiwandani uone unavutia wapi. Ukikuta unaishia nyuma ya taa au ndani ya madigadi, hewa baridi unayo tayari. Badilisha filta, uishie hapo.

Lori langu ni la lita 6. Bomba la inchi 3 linatosha?

Halitoshi, na hesabu yake ni fupi. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo lita 6 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ni lita 9,000 kwa dakika. Silinda hazijai kabisa. Toa asilimia 10, zibaki 8,100. Turbo ikiishindilia hewa hadi uzito wake uwe mara mbili, zidisha kwa 2. Hapo injini inahitaji mita za ujazo 16 na ushei kila dakika.

Kwenye bomba la milimita 76, yaani inchi 3, hewa hiyo itapita kwa kasi ya karibu mita 59 kwa sekunde. Kwenye la milimita 100 ni mita 34. Ukinzani hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo bomba jembamba linaikaba turbo karibu mara tatu zaidi. Pikapu ya lita 3 kwa mizunguko hiyohiyo inapitisha mita 30 tu kwa sekunde ndani ya milimita 76, na hapo hakuna shida. Bomba likikutana na mdomo mdogo wa turbo, tumia kiungo cha silikoni kinachopungua taratibu; ngazi ya ghafla inavuruga mtiririko palepale pasipotakiwa.

Naweza kutumia bomba la PVC la maji taka?

Usitumie. PVC huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 80, na jirani na turbo joto hilo hupatikana kirahisi. Bomba lililolainika huku linanyonywa hunywea, na viungo vya gundi hupasuka kwa mtikisiko. Chukua alumini yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, kila mdomo uwe na tuta dogo la kuzunguka ili mpira usichomoke. Viungo viwe vya silikoni yenye nyuzi ndani, urefu wa milimita 75 hivi, na kati ya bomba na bomba uache nafasi ya milimita 5 hadi 10. Injini hucheza kwenye maunti zake, yaani mipira inayoibeba, wakati bodi imetulia. Njia nzima ikiwa ngumu, ni lazima kitu kimoja kipasuke. Klipu za kawaida za kukaza kwa bisibisi zinatosha upande huu, maana hapa ni kunyonya tu. Zile nzito za bolti ni za baada ya turbo.

Kati ya filta na turbo usiweke ribiti wala skrubu ya aina yoyote. Ukichomelea, sugua ndani kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, kausha, kisha mulika kwa tochi. Gurudumu la turbo ni alumini na linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Punje moja ya taka za kuchomelea inatosha kung'oa ncha ya panga.

Filta ya koni ikikaa wazi chini ya boneti, kuna ubaya?

Utapata mlio mzuri na hewa ya moto. Boksi la kuifunika filta ndiyo kazi yenyewe. Bomba la kung'aa ni pambo.

Anza na kadibodi. Ikate na kuikunja mpaka ikae pale filta itakapokuwa, ifunge boneti taratibu uone inapogusa. Ukiridhika, hamishia vipimo kwenye bati la alumini la milimita 1.5. Ribiti zinaruhusiwa hapa kwa sababu ziko upande mchafu wa filta. Kuzunguka filta acha angalau milimita 25, maana ikibanwa ukutani sehemu hiyo haivuti. Ukingo wa juu uvishe mpira wa mlango wa gari ili boneti ikifungwa iukandamize na kuziba. Tundu la kuingizia hewa ya nje liwe kubwa kuliko bomba: bomba la milimita 100 lina eneo la sentimita za mraba 78, kwa hiyo tundu la sentimita 10 kwa 12 linafaa. Watu wengi hutoboa dogo, boksi likageuka kuwa kizuizi cha hewa. Chini kabisa toboa milimita 10 maji yatoke.

Filta nayo iwe na mshikio wake kwenye bodi. Ikining'inia kwenye bomba, uzito wake utachosha kiungo mpaka kiachie. Kwa barabara za vumbi tunapendelea filta kavu. Zile za kupaka oili zikizidishiwa, oili huenda kukaa kwenye sensa ya kupima hewa.

Nimefunga bomba pana, gari limekuwa zito na taa ya injini imewaka. Kwa nini?

Sensa ya kupima hewa imedanganyika. Haioni hewa yote, inapima kasi ya ile inayoigusa, halafu kompyuta inakadiria jumla kwa kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukitoka milimita 70 kwenda 76, eneo limekua kwa asilimia 18 hivi, kasi imeshuka, na sensa inaripoti hewa pungufu kwa asilimia 15. Kompyuta inabana mafuta ili gari lisitoe moshi. Umepanua njia ukanyang'anywa nguvu.

Kata kipande cha bomba la kiwandani chenye kiti cha sensa, ukiunganishe kwenye bomba lako. Sensa ifuate mshale wake wa mwelekeo wa hewa, na kabla yake, upande hewa inakotokea, pawe na bomba lililonyooka walau sentimita 10. Kona ikiwa jirani sana, usomaji utayumba gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta.

Ule mpira mdogo unaotoka kwenye kifuniko cha valvu niuzibe?

Hapana. Ni wa kupumulia injini. Ukizibwa, presha hujaa ndani na sili za oili huanza kuvuja. Ukiachwa wazi unamwaga mvuke wa oili juu ya injini. Chomelea mdomo wa kipimo kilekile kwenye bomba jipya, baada ya filta na kabla ya turbo.

Nikiuelekeza mdomo mbele kwenye grili, upepo hautasaidia kushindilia?

Kwa kilomita 100 kwa saa upepo huo unaongeza chini ya nusu ya asilimia ya presha. Mvua, matope na wadudu vinaingia bure. Elekeza pembeni au chini kidogo, mbali na mrusho wa tairi. Na kama mnavuka maji, mdomo wa chini ni hatari kubwa: maji hayashindiliki, yakiingia kwenye silinda konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kishafti) hupinda.

Nitajuaje kazi yangu haivuji?

Pangusa ndani ya bomba, upande wa turbo, kwa kitambaa cheupe. Kisha paka grisi nyembamba sana kwa kidole, funga, tembea kilomita 500. Fungua, isugue ile grisi kati ya vidole viwili. Ikikwaruza, vumbi linapita, na vumbi hilo linasaga ringi na kuta za silinda mpaka gari lianze kula oili. Mara nyingi tatizo ni klipu iliyokaa juu ya tuta badala ya nyuma yake, au mdomo wa filta ulio mpana kuliko bomba ukabanwa mpaka ukajikunja.

Ukiwa na geji ya ukinzani, yaani ya kupima jinsi hewa inavyonyonywa kwa shida, ifunge kwenye bomba baada ya filta, usome gari likiwa na mzigo mlimani. Ikipita kilopaskali 6 na filta ni mpya, rudi kwenye tundu la boksi kwanza.