Kaka ni msimamizi wa mirathi, sasa anasema nyumba ni yake

SWALI: Shikamoo anti. Baba alifariki mwaka juzi akatuachia nyumba Soweto hapa Mbeya, mbele ina fremu mbili. Kikao cha ukoo kikampendekeza kaka yetu mkubwa, mahakama ya mwanzo ikampitisha kuwa msimamizi. Tangu hapo hati anayo yeye, kodi ya fremu anakula yeye, mama haulizwi chochote, na juzi katuambia anaenda ardhi kubadili jina sababu mahakama imeshampa nyumba. Ni kweli? Mdogo mtu, Uyole.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mahakama haijampa nyumba, imempa kazi: akusanye mali za marehemu, alipe madeni, agawe kwa warithi, basi. Ila hapo kwenye kubadili jina msimkabe kwanza, maana hati haiwezi kutoka kwa marehemu ikaruka moja kwa moja kwenu, lazima ipite kwa msimamizi, na jina lake linaandikwa kama msimamizi wa mirathi ya baba yenu, ndo baadaye anawahamishia warithi (na kodi ya pango la ardhi kama ina madeni mtaambiwa mlipe kwanza, jiandaeni). Akitaka liandikwe jina lake peke yake kama mwenye mali, hapo sasa kuna shida.

Nenda mahakama ileile na namba ya mirathi, omba kuona faili. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe alitakiwa apeleke Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, halafu hesabu kwenye Fomu Na. 6. Angalia fremu zimeandikwa au zimerukwa, maana kodi yake nayo ni mali ya mirathi, sio mshahara wa kaka. Kama hamna kitu andikeni malalamiko, hakimu anamwita, na akiona sababu anamtoa anaweka mwingine. Ukihofia atauza, kaweke zuio kwa Msajili wa Hati mapema.

Mama naye asikae kimya eti ni mambo ya ukoo, kama nyumba walijenga wote aseme mahakamani kabla ya mgao.

Wapangaji wa fremu ongea nao vizuri wakupe kopi za mikataba na risiti, utazihitaji siku hakimu akimuuliza kaka hela iko wapi.