Inkishafi na magofu ya Pate

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu huuliza Al-Inkishafi, utenzi wa watu waliokwisha kufa, unamhusu nini. Nimjibuje?

JIBU: Ndugu msomaji, mwanzishie na Pate, mji wa kisiwani katika pwani ya Kenya uliotajirika kwa biashara ya baharini kabla ya kudhoofishwa na vita na ugomvi wa kurithi ufalme. Mtunzi wa utenzi huu, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyafahamu magofu yake, ndiyo maana anatuonyesha madaka ya ukutani, yaliyokuwa yamepangwa sahani, yakilaliwa na makinda ya ndege. Lugha yake ni ngumu, nakiri, basi usomeni pamoja kwa sauti. Kisha mpitishe penye jumba lolote ambalo warithi wanaligombania mahakamani huku paa likivuja, umwulize mwanao: mshairi angetazama wapi kwanza.