Anasinzia na chupa mdomoni, meno yameanza kubadilika rangi

SWALI: Daktari, mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Meno ya mbele ya juu yana mistari myeupe karibu na fizi, na moja limeanza kuwa kahawia. Hasinzii bila chupa ya maziwa yenye sukari. Mama mkwe anasema ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Dawa ya meno yenye floridi, madini ya kuimarisha meno, naiogopa, maana tupo Arusha na maji ya huku yanajulikana kwa floridi nyingi inayotia meno madoa. Nifanyeje?

JIBU: Mama, mtoe mtoto kwenye mwanga, umwinue mdomo wa juu, kisha uangalie na meno ya chini. Kama ya chini ni safi, ishuku chupa kabla ya maji. Mtoto akinyonya, ulimi huyafunika meno ya chini. Ya juu ndiyo yanayolowa maziwa. Akishalala mate hupungua, na bakteria wanaigeuza ile sukari kuwa asidi usiku kucha.

Mistari myeupe bado inaweza kurudi nyuma, kwa kuwa jino halijatoboka. La kahawia lionwe kliniki ya meno wiki hii, usingoje maumivu.

Chupa ya kulalia iondoke. Anza kwa kuacha sukari, kisha zidisha maji kila usiku mpaka yabaki maji matupu. Atalia, na majirani watajua. Maziwa anywe kwa kikombe kabla ya mswaki.

Floridi ya dawa ya meno usiiogope. Dawa ya ppm 1,000 (yaani miligramu 1 ya floridi kwa kila gramu ya dawa), kiasi cha punje ya mchele, ina takriban miligramu 0.1 tu ya floridi, hata akiimeza yote. Lita moja ya maji yenye miligramu 2 za floridi inampa mara 20 ya hiyo. Kwa hiyo hangaika na maji, na kuyachemsha hakusaidii: floridi haiondoki. Tafuta maji ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa kisichozidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na chakula chake usikitie magadi, nayo huwa na floridi. Meno yake ya ukubwani ya mbele yanajengeka sasa hivi ndani ya taya, na floridi ikizidi ndiyo huyatia madoa.

Mama mkwe ana haki nusu. Ya mbele hung'oka kwenye miaka 6 au 7, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 hadi 12, yakiyashikia nafasi meno yajayo, na kwa chupa hiyo uozo utayafikia.

Kupiga mswaki, mlaze kichwa mapajani mwako, sugua pale jino linapokutana na fizi, asubuhi na kabla ya kulala. Povu lifute kwa kitambaa. Kusukutua si lazima.