Diski imebana neva: nipasuliwe au nisubiri?

Swali: Nina miaka 38. Wiki tano zilizopita niliinua mfuko wa saruji, kiuno kikakaza. Sasa maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni. Picha ya MRI inaonyesha diski (mto laini kati ya pingili za mgongo) iliyo kati ya L5 na S1, yaani chini kabisa ya kiuno, imechomoza na kubana neva. Daktari mmoja anataka kunipasua, mwingine kanipeleka fiziotherapia. Nimfuate nani?

Jibu: Picha peke yake haiamui. Ukishindwa kukojoa, ukijikojolea bila kujua, au ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni (pale panapogusa tandiko la baiskeli), nenda dharura siku hiyo hiyo. Hapo mazoezi hayana nafasi.

Kisha shika ukuta, simama kwa mguu wa kushoto peke yake, unyanyue kisigino mara 10. Neva ya S1, ambayo kwa kawaida ndiyo hubanwa hapo, ndiyo inayoendesha shavu la mguu. Kama kulia unaweza na kushoto umeshindwa, au wiki hii umefika 8 na ijayo 3, mrudie daktari wa upasuaji mapema. Udhaifu unaozidi haungojwi.

Usipoona hayo, mimi ningekushauri usubiri. Mara nyingi mwili wenyewe hukila kipande kilichochomoza, na vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo hunywea zaidi, ingawa kwenye picha ndivyo vinavyotisha. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka kuliko waliopangiwa kusubiri, lakini baada ya mwaka makundi yote mawili yalilingana: takriban asilimia 95 walikuwa wamepona. Ila asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walipasuliwa baadaye, kwa hiyo kusubiri si kuapa kwamba hutapasuliwa.

Kusubiri si kulala. Kitandani siku moja au mbili zinatosha. Baada ya hapo tembea dakika 10 mara kadhaa kwa siku, usikae kitako muda mrefu, na mizigo waachie wengine. Zoezi linalofanya maumivu yapande kutoka mguuni kurudi kiunoni ni zuri hata kama kiuno kinauma kidogo. Linaloyashusha kuelekea unyayoni liache. Usikubali kukandwa kwa nguvu wala kuvutwa kiuno mtaani. Ibuprofeni meza ukishakula, na usiiguse kama una vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Ikifika wiki ya 12 na mguu bado unakunyima usingizi na kazi, upasuaji ni uamuzi wa busara. Jua tu kwamba upasuaji huo hutuliza zaidi maumivu ya mguu kuliko ya kiuno; wanaolalamika baadaye wengi walitarajia kinyume. Diski pia inaweza kuchomoza tena palepale. Muulize daktari: unatoa kipande tu, au unaziunga na pingili kwa skrubu? Kwa diski iliyochomoza mara ya kwanza, bila pingili kuteleza, skrubu kwa kawaida hazihitajiki. Akizitaja, mwombe akuonyeshe sababu kwenye picha.