Chihuahua wangu alipoanza kung'ata

Tunu, mbwa wangu mdogo wa aina ya Chihuahua, alikuwa na miezi minane alipomng'ata dada yangu kidoleni. Dada alimwinamia pale alipolala, akamkwapua kwa mikono miwili kama mtu anayeokota mto, na Tunu akageuza kichwa akang'ata. Jeraha halikuwa kubwa, lakini nilitahayari sana, kwa kuwa kila mgeni nilikuwa nikimwambia mbwa wangu ni mpole. Usiku ule nilikaa nikikumbuka, nikaona kwamba alikuwa ametuonya kwa miezi kadhaa. Ukitaka kumnyanyua alikuwa akigeuza uso, akijilamba pua, akilaza masikio nyuma na kukaza mwili. Hatukujali. Alipofikia kunguruma tulicheka, maana ngurumo ya mbwa wa kilo mbili huchekesha. Angekuwa na kilo 30, nani angecheka?

Wengi husema Chihuahua ni wakali kwa asili. Sikubali. Kwa asili ni wepesi wa kushtuka, hushikamana sana na mtu mmoja, na mgeni huchukua muda kuzoeleka kwao. Ukali mwingi unaouona ni wa kufundishwa, na walimu ni sisi tunaomshika, tunaompitisha mkono kwa mkono na kumbusu usoni bila kumuuliza. Mbwa mkubwa akikataa, tunarudi nyuma. Mdogo akikataa, tunamnyanyua tu. Mwisho anajua kwamba ishara za upole hazisikiwi, meno ndiyo yanayosikiwa.

Nilichobadilisha nyumbani ni kidogo, ila nilikisimamia. Anayetaka kumbeba Tunu huchutama ubavuni mwake, hatoi mkono juu ya kichwa chake, husema "juu" kisha husubiri. Akisogea, anabebwa. Akigeuza uso, anaachwa, hata kama aliyechutama ni mtoto anayelia kwa hamu. Pili, akinguruma hatumgombezi kamwe. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyekatazwa kuonya hung'ata bila kuonya. Tatu, nje anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya majuma sita hivi alianza kusogea mwenyewe akisikia neno "juu", na tangu hapo hajamng'ata mtu.

Kama wako bado ni mchanga una bahati. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo mtoto wa mbwa huzoea dunia kwa urahisi zaidi. Mwonyeshe watu wa kila namna, sauti, sakafu tofauti, mbwa watulivu waliochanjwa. Taratibu, na aruhusiwe kurudi nyuma.

Kumbeba nako kuna namna yake: kiganja kimoja chini ya kifua, kingine chini ya matako, mgongo ukae sawa. Usimnyanyue kwa makwapa. Mfupa wa pia ya goti katika mbwa hawa huteguka kwa urahisi, ndiyo maana utamwona mwingine akikunja mguu wa nyuma na kurukaruka hatua mbili tatu kisha akatembea kama kawaida. Hilo si kichekesho, mpeleke kwa daktari. Mimi niliweka kingazi kando ya kochi ili asiruke kutoka juu. Kamba nayo usiifunge shingoni, tumia mikanda ya kifuani, kwa sababu koo lake la hewa ni laini na huweza kubonyea. Kikohozi kikavu kinacholia kama bata bukini ndicho dalili yake. Wengine pia huwa na utosi usiofunga, kama wa mtoto mchanga, basi kichwa kilindwe.

Jambo lililonitisha kuliko yote ni sukari. Alipokuwa na wiki kumi, Tunu aliamka amelegea, akiyumba, macho hayanitambui. Alikuwa hajala tangu jioni. Nilimpaka asali kidogo kwenye ufizi, nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo. Watoto wa mbwa hawa hawana akiba mwilini. Wape chakula kidogo mara nne kwa siku au zaidi, na usiku usiwe mrefu mno bila kula.

Meno ni 42, sawa na ya mbwa mkubwa, yamebanana katika taya dogo. Yasugue kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya utotoni yasipong'oka, yang'olewe na daktari. Chokoleti, zabibu na vitunguu viwe mbali naye, kwani kwa mwili wa kilo mbili hata kipande kidogo huweza kuwa sumu. Baridi ikija, mvike.

Ukienda kumchukua mtoto wa mbwa huyu, usishawishiwe na wanaouza "wa kutoshea kikombeni". Hakuna aina hiyo inayotambuliwa. Viwango vya American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili aina za mbwa, vinataka asizidi kilo 2.7 hivi, na anayelazimishwa kuwa mdogo zaidi ya wenzake huja na maradhi. Omba kumwona mama yake. Akija kukunusa, kaa uzungumze. Akiwa anatetemeka chini ya kiti na mwenye nyumba anamvuta kwa nguvu ili umwone, aga uondoke, kwa sababu woga ule watoto hurithi na hujifunza kwake. Mbwa huyu huweza kuishi miaka 14 hadi 16, kwa hiyo huna haja ya kuamua leo.